Siku Makaro Yaliporuka Nkungu

Wiki iliyopita kuku alitaga yai katikati ya sebule ya Mukecuru Veneranda, kule Nkungu, na hakuna aliyemfukuza. Mukecuru, maana ndivyo sote tunavyomwita yule bibi kwa heshima, alinionyesha lile yai kwa fahari kama mtu anayeonyesha cheti cha mjukuu.

"Uniambie, Maman Zawadi," akasema. "Fasi yote hii, juu ya nini anachagua karo ile tu?"

Nilivua viatu nikaenda kukikanyaga kigae hicho. Lilikuwa karo la tatu kutoka dirishani, na kweli lilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko wenzake.

"Hapo chini tiyo mbili za maji ya moto zinapita karibu-karibu," nikamwambia.

"Mi nilijua. Nilitaka kujua kama weye unajua."

Mlipokuja kwangu hapa Kamembe mwezi uliopita na madaftari yenu, ninyi vijana mnaojifunza kutandika makaro, mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonifundisha kuliko zote. Nikawasimulia ngazi za hoteli moja, mkaandika kurasa mbili. Nisameheni. Ngazi zile hazikunifundisha kitu, zilikuwa ngazi nzuri tu. Kazi iliyonifundisha ni sakafu ile ya Mukecuru, sakafu inayotoa joto kutoka chini. Sikuitaja kwa sababu ndani yake niliharibu mara mbili: mara ya kwanza kwa kisu, mara ya pili kwa kunyamaza. Basi leo nimechukua kalamu.

Najua swali lenu la kwanza. Huku Rusizi, nani anapasha sakafu moto? Mtu wa Bugarama analala dirisha wazi na bado anaamka shuka limelowa jasho. Hapa Kamembe sweta tunavaa kwa kupendeza. Lakini pandeni Nkungu, mkaribie msitu. Asubuhi ukungu unaingia ndani pamoja na mtu anayefungua mlango. Sima, ile saruji ya sakafuni, inakuwa baridi mpaka inauma nyayo, na wazee wanahamia jikoni kando ya moto, hawatoki humo mpaka jua lionekane, na siku nyingine jua halionekani.

Mukecuru alikuwa hivyo. Mwanawe Ferdinand alikulia naye Bukavu, kisha akaenda Ulaya, akafanya kazi miaka mingi katika sehemu kubwa ya kufulia nguo za hospitali. Aliporudi alimjengea mama yake nyumba ya vyumba vinne. Mama akaisifu, akaibariki, akarudi kukaa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Moshi ulikuwa umeanza kumla kifua. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia Ferdinand waziwazi: huyu mzee akiendelea kuvuta ule moshi, msije kuniuliza kwa nini dawa hazifanyi kazi. Ferdinand akambembeleza mama, akagomba, akaleta hata hita ya umeme. Mukecuru akaitazama ile hita akasema inamkodolea macho.

Ndipo Ferdinand alipokumbuka nyumba aliyopanga kule Ulaya. Haikuwa na jiko wala hita ukutani, ila ukivua soksi unasikia joto limetulia chini ya miguu. Akaamua kumletea mama yake kitu hicho. Mabomba ya plastiki, tiyo kama tunavyosema, aliyaagiza yeye mwenyewe. Fundi wa bomba alikuwa Dezire, kijana wa Nkanka mwenye mikono mitulivu. Fundi wa makaro nilikuwa mimi.

Niwaambie kwanza nilikuwa mtu wa namna gani siku hizo. Nilijifunza Bukavu kwa Mzee Bisimwa, wakati ambao mwanamke mwenye mwiko wa sima alikuwa kichekesho cha mtaa. Miezi mitatu ya kwanza kazi yangu ilikuwa kuloweka makaro kwenye beseni, maana makaro ya zamani yalikunywa maji, na usipoyashibisha yanafyonza maji ya sima na sima inakufa. Mwezi wa nne akanipa karo moja nilitandike. Akaligonga kwa mpini wa mwiko, akatega sikio.

"Sikia. Linasema nini?"

"Linasema ko, Mzee."

"Karo iliyoshiba inasema ki. Ikisema ko, chini kuna tumbo tupu. Toa."

Nilitoa na kurudishia mara tisa siku ile. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nagonga sakafu kwa kisigino kabla sijasalimia, na binti yangu Zawadi anaona aibu.

Jambo jingine alilonifundisha Mzee Bisimwa lilikuwa pembe. Yeye hakuacha nafasi kati ya karo na ukuta, hata ya kupitisha wembe. Alisema fundi mbaya utamjua pembeni, pale anapofichia makosa yake. Kwa hiyo nilijifunza kukata karo likaukumbatia ukuta sawasawa. Ilikuwa ndiyo sahihi yangu. Watu wa Kamembe walikuwa wakisema, kama panya hapiti pembeni, ametandika Maman Zawadi.

Sasa turudi Nkungu.

Nilipofika, Dezire alikuwa amemaliza kulaza tiyo. Nilisimama mlangoni nikashangaa. Chini alikuwa ameweka mbao nyeupe za povu gumu, ili joto lisipotelee ardhini, na juu yake tiyo moja ndefu ilikuwa inazunguka, inakwenda na kurudi, bila kiungo hata kimoja, kama utumbo wa ng'ombe uliopangwa vizuri. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Maji yanatoka wapi? Yanatoka kwenye tangi la juu ya paa linalopashwa na jua, na siku za ukungu yanapita kwenye jiko la kuni lililojengwa nje, lenye bomba refu la moshi. Nani anayasukuma? Pampu ndogo, ukubwa wa papai. Yana moto wa kuchemka? Hapana, moto wa kuogea tu. Na yakivuja?

"Hayavuji, Maman." Akanionyesha saa ndogo ya kupima presha. "Nimejaza mai mu tiyo, nimefunga. Hii mshale ikishuka, tunajua kuna tundu. Tutamwaga shapu mshale ukiwa fasi yake."

Shapu ni ile sima laini inayomwagwa juu ya tiyo kabla ya makaro. Waliimwaga, mshale haukusogea. Wakaiacha zaidi ya mwezi ikauke, kisha Dezire akaipasha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akaipoza, akaniita.

Kando ya kuta zote nne kulikuwa na ukanda wa povu, unene wa kidole, umechomoza juu ya shapu. Nikauliza ni wa nini.

"Ni ya kuacha sakafu ipumue," akasema Dezire. "Usiikate mpaka umalize makaro. Iko mu kitabu cha Papa Ferdinand."

Kitabu hicho Ferdinand alinipa mkononi, kurasa kumi na mbili za Kifaransa na picha. Nikamshukuru. Kilikuwa na jalada nene, na mimi magoti yalikuwa yananiuma, basi nilikitia chini ya goti la kulia, nikakitumia hivyo kazi nzima.

Na ule ukanda? Dezire alipokwenda Kamembe kutafuta valvu, niliutazama nikaona unaniharibia pembe zangu. Sakafu inapumua! Nimetandika sakafu tangu huyu hajazaliwa, sijaona inayopumua. Nikachukua kisu nikaukata chini kabisa, kuta zote nne. Makaro nikayakumbatisha ukutani, penye uwazi nikajaza sima. Vipande vya ukanda nikampa Mukecuru, aliyesema ni vyepesi vizuri, atavipatia kazi. Sebule ikapendeza mno. Ferdinand alipiga picha akawatumia marafiki zake wa Ulaya.

Siku ya kuwasha tulikuwa wote pale. Mukecuru aliletwa kutoka jikoni, akaketishwa kwenye kiti cha mikono, blanketi magotini, miguu mitupu chini. Asubuhi nzima aliitazama miguu yake. Saa nne akaanza kusogeza vidole vya miguu. Saa tano akaniita, akaninong'oneza, "Inakuja." Mimi mwenyewe nililala kifudifudi nikaweka shavu kwenye karo. Joto lile halikufanana na joto lolote nililolijua. Moto unakupiga usoni na mgongo unabaki baridi. Hili lilikuwa limetulia kama joto la mtu aliyetoka kitandani sasa hivi.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa tunakula mihogo, makaro yakaruka.

Kwanza ilisikika kama bati linalokanyagwa na paka. Kisha pah! Mstari wa katikati ya sebule ukainuka, makaro mawili yakaegemeana kama paa la nyumba, mengine yakapasuka, kipande kikagonga mguu wa meza. Mukecuru alisimama kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Akapita katikati yetu, blanketi likiburuta, akafika mlangoni ndipo akageuka.

"Ferdinand, mwanangu, mi nimezika bantu wengi. Kintu iko chini ya hii nyumba na haitaki nikanyage. Sirudi humu."

Akarudi jikoni kwenye moshi wake, akafunga mlango.

Ferdinand alikuwa amepauka. Akamgeukia Dezire. "Ni tiyo. Imepasuka, mvuke umesukuma makaro."

Dezire akakimbilia saa yake ya presha. "Papa Ferdinand, njoo uone. Mshale haujashuka hata kidogo."

"Basi ni shapu. Ni kazi yako."

Dezire alijitetea, lakini kila alipoeleza, alionekana mtu anayetafuta pa kutokea. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya yale makaro, na nilijua. Niliinua kipande, nikaona mgongo wake safi, gundi imeng'oka yote pamoja. Karo halikukosa gundi. Lilikosa pa kwenda. Sakafu ikipata joto inakua, unywele tu kwa karo moja, lakini sebule ile ilikuwa na makaro ishirini upande mmoja, na kila upande nilikuwa nimeyafungia mlango. Yakaona njia moja iliyobaki, ya juu. Ndiko kupumua alikokuwa anakusema Dezire.

Nilielewa yote haya kwa muda wa kumeza tonge. Ferdinand akaniuliza, "Maman Zawadi, wewe uliye mzoefu unaonaje?"

Nikasema, "Ngoja tuangalie."

Maneno mawili. Nilikuwa na jina mji mzima, na Dezire alikuwa kijana. Nilijiambia nitasema kesho, kwa utulivu. Kesho yake Ferdinand aliongea na Dezire kwa sauti ambayo mtu haongei na fundi wake, nami nikaangalia. Jioni akamwambia kesho asubuhi alete nyundo na patasi, avunje shapu yote, atoe tiyo, aende zake. Ile habari ya sakafu ya joto imekwisha.

Asubuhi hiyo, kabla Dezire hajafika, nilikwenda jikoni kumsalimia Mukecuru. Moshi ulinichoma macho kabla sijauona uso wake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mafiga, anakohoa kikohozi kirefu kinachomkunja mzima, kikiisha anashika goti apumzike, kinaanza kingine. Alinikaribisha kwa mkono. Nilipozoea giza niliona kikapu cha kuku kwenye kona. Kuku alikuwa ameatamia mayai, na chini yake, vimezungushwa vizuri kama kiota cha ndege, vilikuwa vipande vya ukanda wangu.

"Unaona?" akasema Mukecuru alipopata pumzi. "Kintu chako kiko na joto. Kuku anakipenda kuliko majani."

Niliinama nikagusa kipande kimoja; kilikuwa na joto la kuku. Nje nikasikia nyundo ikiwekwa chini sebuleni. Nikatoka mbio, mtu mzima mwenye magoti mabovu.

Dezire alikuwa amepiga magoti, patasi iko tayari kwenye ufa. Ferdinand amesimama dirishani, ametupa mgongo.

"Dezire, weka nyundo chini."

"Papa Ferdinand amesema nitoe yote."

"Weka chini. Tiyo zako haziko na kosa. Shapu yako haiko na kosa. Ni mi njo nilikata ile kanda."

Akanitazama. "Upande gani?"

"Kuta zote nne. Nikajaza sima."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu pale ilipopasuka."

Aliweka nyundo chini polepole sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Jana mama ya batoto aliniuliza nimeharibu nini kwa Papa Ferdinand," akasema. "Nilikaa nikahesabu kila kitu nilichofanya humu, kimoja kimoja. Sikupata jibu la kumpa." Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Ferdinand aligeuka kutoka dirishani. "Kile kitabu nilichokupa, ulikisoma?"

"Nilikipigia magoti."

"Uliomba?"

"Hapana, Papa. Nilikitia chini ya goti."

Nyuma yangu mtu alicheka. Mukecuru alikuwa amenifuata mpaka mlangoni, ameshika mwimo, anacheka na kukohoa pamoja. Hakuna mwingine aliyecheka. Nikawaambia nitairudishia sakafu ile kwa mikono yangu mpaka ikae sawa, na mtu akiuliza Kamembe nani aliharibu, wamtaje Maman Zawadi. Ferdinand akasema, "Anza basi."

Kazi ya kurudishia ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ilibidi kukata safu nzima ya makaro kando ya kuta bila kugusa tiyo, na kwenye mlango wa korido, ambapo tiyo zinapita kwenda vyumbani, ilibidi kuchana mstari mmoja ili sebule na korido zisisukumane. Tiyo zinapita wapi hasa? Ferdinand alikuwa amepiga picha kabla ya kumwaga shapu, na simu yenye picha hizo ilimtoka mkononi ikazama ziwani siku aliyokwenda Nkanka kununua sambaza, vile visamaki vya ziwani. Dezire alikuwa na mchoro wa karatasi, lakini pale mlangoni alikuwa amebadilisha njia akiwa kazini na hakuandika. Ukikosea kwa upana wa kidole, msumeno unatoboa tiyo.

Tulizunguka siku nzima. Dezire aliongea nami kwa maneno ya kazi tu: leta, shika, bado. Jioni nikasema basi, nioshe vumbi, kesho tutaona vizuri. Jiko la nje lilikuwa limewashwa kidogo, kuziweka tiyo katika uvuguvugu. Nikamwaga maji sakafuni, nikayasambaza kwa kitambaa, nikainuka kunyoosha mgongo.

Mukecuru alikuwa mlangoni. Siku hizo alikuwa anakuja mpaka kizingiti, anasimama hapo, hakanyagi ndani. Akanyoosha kidole.

"Ni nani anaandika?"

"Wapi, Mukecuru?"

"Pale chini. Angalia."

Tuliinama, Dezire upande huu, mimi upande ule. Maji yalikuwa yanakauka, lakini hayakukauka sawa. Mistari mikavu ilikuwa inatokea kwenye unyevu, upana wa vidole viwili, inakwenda, inakunja kona, inarudi. Mbele ya macho yetu sakafu ilikuwa inajichora yenyewe, tiyo baada ya tiyo, mpaka mlangoni, ambapo tuliona ile njia aliyoibadilisha Dezire ikipinda kuzunguka mwimo.

"Chaki!" akasema Dezire. "Maman, chaki, haraka!"

Tulitambaa kama watoto, tunafuata mistari kabla sakafu haijakauka yote. Ilipotupotea tulilowesha tena, ikajichora tena. Nilipofika karibu na kizingiti niliona mguu mtupu umewekwa kando ya mkono wangu, kisha wa pili. Mukecuru alikuwa ameingia. Alitembea juu ya mistari ya chaki pole pole, mguu mbele ya mguu, ameinama anatazama, mpaka katikati ya sebule penye shimo la makaro yaliyoruka. Akasimama hapo muda.

"Kumbe ni mai tu," akasema. "Ni mai njo anatembea."

"Ni mai tu, Mama," akajibu Ferdinand, ambaye sikujua ameingia saa ngapi.

"Na hii bumu ya siku ile?"

"Hiyo ilikuwa ni mi, Mukecuru," nikasema.

"Weye hauogopeshi," akasema, akaendelea na matembezi yake.

Basi shikeni hili, kabla sijalisahau. Mkitaka kujua tiyo zinapita wapi chini ya makaro, washeni joto kidogo, lowesheni sakafu sawasawa, msubiri. Hamhitaji mashine. Na picha pigeni, lakini ziwekeni katika simu mbili.

Mengine nilijifunza kwa kwenda na kurudi Nkungu miaka hii, maana Mukecuru ananiita kila anapogundua kitu. Sakafu hiyo ni nzito ya kuelewa: ukiiwasha asubuhi inakujibu mchana, ukiizima leo inaendelea kesho. Ferdinand mwanzoni alikuwa anapandisha na kushusha joto kila saa kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, mama yake akamfukuza kwenye kidude cha kuliongozea. Sasa Mukecuru ndiye anayepanga. Jioni anatazama upande wa msitu, anavuta hewa puani, anasema "kesho ukungu," na jiko linatiwa kuni leo. Zulia nene aliloletewa zawadi alilitoa baada ya wiki, kwa sababu lilikuwa linanyang'anya joto likalibana chini. Kitanda cha miguu mirefu kinafaa, godoro la chini linafaa kwa usingizi mfupi tu. Maharage mabichi yakitandazwa juu ya mkeka karibu na ukuta wa kusini yanakauka siku za mvua. Mtama wa kuotesha kwa ajili ya pombe unaota siku mbili kabla ya ule wa jirani, na jirani amelalamika kwamba si haki.

Kikohozi hakikwisha kabisa. Kifua kilichovuta moshi maisha yote hakirudi kuwa cha msichana. Lakini Mukecuru anaketi sebuleni, jikoni anakwenda kutoa amri tu, na muuguzi amepunguza dawa. Kikundi chake cha sala kimehamia kwake tangu majira ya mvua ya kwanza. Akina mama wanavua viatu mlangoni, wanakaa chini miguu imenyooshwa, na sala zimekuwa ndefu.

Sasa niwaambie siku ya mwisho ya kazi ile.

Nilikuwa nimemaliza. Ukanda mpya ulizunguka kuta zote, nikaukata juu tu, baada ya makaro, kama kilivyosema kitabu, ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili kwa msaada wa Zawadi. Uwazi wa pembeni niliufunika kwa safu ya makaro madogo yaliyobandikwa ukutani, yasiyogusa sakafu, yakiacha nafasi nyembamba isiyoonekana ukiwa umesimama. Kwa mara ya kwanza maishani niliacha nafasi pembeni, na mikono yangu ilikuwa inaona haya. Nilikuwa nafunga mfuko wa vyombo Dezire alipoingia.

Hakunisalimia. Alitoa karatasi mfukoni, karatasi ya kawaida ya daftari, akapiga magoti penye kona ya mlango. Akaiingiza chini ya makaro yale madogo ya ukutani, akaanza kuivuta. Alikwenda ukuta wa kwanza wote kwa magoti, polepole, karatasi inapita. Akakunja kona. Ukuta wa pili. Ferdinand akaja akasimama, Mukecuru kwenye kiti chake akaacha kuchambua mchele. Ukuta wa tatu, chini ya dirisha, alisimama kidogo, akarudi nyuma, nami nikauacha mfuko wazi. Ilikuwa chembe ya mchanga. Akaipuliza, karatasi ikapita. Ukuta wa nne alikwenda nao mpaka mwisho, mpaka kona ile ile alikoanzia, na karatasi haikukwama popote.

Alisimama, akakung'uta magoti, akaikunja karatasi mara nne akairudisha mfukoni.

"Maman Zawadi," akasema, "kuna nyumba Kamembe, juu ya soko. Banataka sakafu kama hii mu chumba ya mutoto wao mugonjwa. Tiyo naanza kulaza siku ya kwanza." Akachukua begi lake, akafika mlangoni, akasema bila kugeuka, "Makaro sitaki aweke muntu mwingine."

Siku ya kwanza, ndiyo Jumatatu, saa moja asubuhi, nilikuwa pale kabla yake.